Mwacheni Mama Aimbe

Katika kurasa hizi tumeandika mara nyingi juu ya njaa, juu ya kadi ya posho, juu ya kungoja jina lako litoke kwenye orodha. Juu ya maumivu ya mwili hatuandiki. Tumeyazoea kama tulivyozoea vumbi la kiangazi: yapo, yatapita, nani ana muda wa kuyasemea? Mimi leo nayasemea, na nayasemea kwa hasira kidogo, mnivumilie.

Hoja yangu ni fupi. Mtu anayeshonwa, anayesafishwa kidonda, anayeng'olewa jino, anayezaa, ana haki ya kuwa na wimbo masikioni mwake au mdomoni mwake. Wanaomkataza, wawe wauguzi au wawe wazee wetu wenyewe, hawana sababu ya kutosha. Na wale wanaotaka kumpa wimbo badala ya dawa, hao ni wabaya zaidi, nitawafikia mbele.

Naongea kama mkalimani. Ni mwaka wa nne sasa nasimama kati ya musawo, ndivyo tunavyowaita wauguzi na madaktari hapa Uganda, na watu wetu waliotoka Fizi, Uvira na Bukavu, ambao Kiingereza hawakisikii na Kinyankole wanajifunzia sokoni. Mkalimani huona mengi kwa sababu mikono yake haina kazi. Muuguzi anaangalia kidonda. Mgonjwa anaangalia mkasi. Mimi naangalia nyuso.

Katika kituo kimoja, ambacho sikitaji, aliletwa mtoto wa miaka kama minne aliyemwagikiwa uji wa moto pajani. Kidonda cha moto hakisafishwi mara moja kikaisha. Bandeji inabadilishwa leo, inabadilishwa keshokutwa, inabadilishwa tena, na kila mara inapobanduliwa inashika nyama. Siku ya tatu mtoto alianza kulia kabla hajaguswa. Aliona tu ile sinia ya vifaa ikiingia, akapiga kelele kama aliyechomwa upya. Mama yake akamshika kichwa na kuanza kumwimbia wimbo wa kubembeleza, kwa sauti ya chini kabisa. Musawo akageuka: "Mwambie anyamaze, hapa si kanisani." Mama hakungoja tafsiri yangu, uso wa musawo ulimtosha. Akaniuliza mimi: "Sasa mutoto akilia hivi, nani atamuimbia? Bandeji?"

Hakuna aliyemjibu. Wakaitwa wanaume wawili wamshike mtoto miguu.

Swali la yule mama ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana nimelitafutia jibu na sijaona jibu la maana upande wa waliomkataza. Kelele? Mtoto mwenyewe alikuwa anapiga kelele inayosikika mpaka kwenye foleni ya dawa. Uchafu? Wimbo haubebi vijidudu. Muda? Mtoto anayeshikwa na watu watatu hachukui muda mfupi. Kilichobaki ni mazoea: kwamba hospitali ni mahali pa kunyamaza, na kwamba mgonjwa mzuri ni yule asiyesikika.

Wapo watakaosema, ewe mkalimani, hayo ni mambo ya hisia, musawo amesoma. Sawa, twende kwa waliosoma. Mwaka 1914 daktari mmoja wa upasuaji wa Pennsylvania, Marekani, jina lake Evan O'Neill Kane, aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa nchi yake kwamba ameweka gramafoni katika chumba cha upasuaji ili kuwatuliza wagonjwa. Hiyo ni zaidi ya miaka mia iliyopita, santuri ikizungushwa kwa mkono. Mwaka 1960 daktari wa meno aitwaye Gardner na mwanasaikolojia aitwaye Licklider waliandika katika jarida la Science juu ya wagonjwa wa meno waliovalishwa hedifoni, wakasikilizishwa muziki pamoja na mvumo mzito kama wa maporomoko ya maji, na mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeshika kitufe cha kuongeza sauti pale maumivu yanapokuja. Shikeni hilo la kitufe, nitalirudia.

Hayo ni ya zamani. Mwaka 2013 watafiti wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 26 yenye watu 2,051 waliosikilizishwa muziki kabla ya upasuaji, wakaona hofu yao inapungua. Mwaka 2015 jarida la The Lancet likachapisha mkusanyo mkubwa zaidi: majaribio 73, watu karibu 7,000. Waliosikiliza muziki, wawe wameusikiliza kabla ya kupasuliwa, wakati wa kupasuliwa au baadaye, walikuwa na maumivu kidogo zaidi, hofu kidogo zaidi, na walihitaji dawa za maumivu kidogo zaidi. Hata waliolazwa kwa nusukaputi walipata nafuu, ingawa waliosikiliza wakiwa macho walipata zaidi. Siku za kukaa hospitali hazikupungua, na ninalisema hilo pia ili asije mtu akadhani nauza dawa ya miujiza.

Na kwa akina mama wanaozaa, Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limependekeza njia za kutuliza mwili kwa mwanamke mwenye afya anayeomba kupunguziwa uchungu, na likazitaja: kupumua kwa utaratibu, kulegeza misuli, na muziki. Kwa kufuata anavyopenda mwanamke mwenyewe. Mwongozo huohuo unapendekeza awe na mtu wake wa karibu aliyemchagua akae naye anapozaa. Sasa niambieni, mama aliyefukuziwa dada yake nje ya mlango, akaambiwa afunge mdomo asiimbe, anahudumiwa kwa mwongozo gani? Nembo ya shirika imebandikwa ukutani, lakini maneno yake hayajafika kitandani.

Kwa nini wimbo usaidie, wakati kidonda ni kilekile? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza jambo ambalo limebadilisha namna ya kufikiri juu ya maumivu. Walisema kwamba habari ya maumivu haipandi kutoka kwenye kidonda mpaka kichwani moja kwa moja kama maji kwenye bomba. Njiani, ndani ya uti wa mgongo, kuna kitu kama lango. Lango hilo linaweza kufunguka zaidi au kujibana, na kichwa chenyewe kinashuka kuliamuru. Hofu inalifungua. Akili iliyoshikwa na jambo jingine inalibana. Tangu hapo wataalamu wameongeza mengi na kurekebisha mengi, lakini jambo la msingi limebaki: maumivu hayako kwenye nyama peke yake. Yule mtoto aliyelia alipoiona sinia hakuwa anadanganya. Alikuwa anaumwa kweli, kwa sababu hofu ilikuwa imeshafungua lango kabla ya koleo kufika.

Mimi naongeza langu, nililoliona kwa macho. Maumivu ya hospitali hayana saa. Mtu aliyelala hajui itachukua dakika mbili au ishirini, na hakuna anayemwambia, au anaambiwa kwa lugha asiyoisikia. Wimbo unampa saa. Kuna baba mmoja alijikata na panga shambani, akaletwa kushonwa mguu. Sindano ya ganzi alipata, lakini alikuwa anatetemeka meza nzima inatikisika. Kijana wake akatoa simu, akaweka rumba ya zamani, moja ya zile ndefu ambazo kila mzee wa Kivu anazijua kwa moyo. Yule baba akafunga macho. Musawo wa siku hiyo, Mungu ambariki, hakukataza. Baada ya muda mzee akasema, "Mwambie amalize mbele ya sebene, sebene ikianza mguu utacheza." Mimi nikatafsiri, musawo akacheka, akaniuliza sebene ni nini, na akaendelea kushona. Mzee alijua yuko wapi ndani ya wimbo. Alijua kimebaki nini. Mtu anayejua kimebaki nini anaweza kupumua.

Sasa niwajibu wapinzani, mmoja mmoja, maana ni wengi na wengine ni ndugu zangu.

Wa kwanza ni wazee wetu wanaosema mwanaume haimbiwi, mwanaume anavumilia. Mvumilivu hula mbivu, wanatuambia. Nakubali methali hiyo shambani, nakubali kwenye ndoa, nakubali hata kwenye foleni ya posho. Lakini kwenye kidonda kinachosafishwa, mbivu ni ipi? Mtu akiuma meno akanyamaza hapati kitu ambacho angekikosa kama angeimba. Tena mnasahau mlikotoka. Jando la mababu halikufanyika kimya. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na nyimbo, kijana akakatwa katikati ya sauti za watu wake. Mtaniambia ngoma ile ilipigwa ili kilio kisisikike na akina mama. Pengine. Basi hapo ndipo penye tofauti ninayotaka muishike: kuna wimbo wa kufunika kilio cha mtu, na kuna wimbo wa kumshika mtu mkono. Wa kwanza ni wa wale waliosimama. Wa pili ni wa yule aliyelala. Mimi nautetea wa pili.

Wapinzani wa pili ni ndugu zetu wa dini, na hao wana moyo mzuri. Kambi hii ina kwaya nyingi kuliko visima, na baadhi yao huenda wodini Jumapili kuimba. Aksanti kwao. Lakini nimewaona wakiingia na ngoma na kipaza sauti, kuimbia wodi nzima, na katikati ya wodi kuna mtoto mwenye malaria kali ambaye kila sauti inampiga kichwani kama nyundo, na kwenye kitanda cha kona kuna Mwislamu ambaye angetaka kusikia Kurani, na mwingine ambaye leo hataki kusikia chochote. Wanaitwa wakaidi. Jamani, wimbo usioombwa ni kelele, hata kama ni wa Mungu. Ndiyo maana niliwaambia mshike lile la kitufe. Mwaka 1960 walishajua kwamba kitufe kinakaa mkononi mwa mgonjwa.

Na kwetu sisi wakimbizi jambo la kuchagua lina uzito kuliko kwa wengine. Kuna nyimbo zilizoimbwa na watu wenye bunduki walipoingia kijijini. Kuna wimbo uliokuwa ukipigwa redioni usiku ambao mtu hatausahau. Ukimwekea mgonjwa wimbo huo wakati amelala chali, miguu imefungwa, umemrudisha kule alikotoka mbio. Nimemwona pia mama aliyevalishwa spika za masikioni kwa nia njema kabisa, akazivua kwa nguvu, akaanza kutetemeka. Alikuja kuniambia baadaye: "Nikifunga masikio, sisikii nani anakuya." Mtu aliyeshambuliwa usiku analinda kwa masikio. Kwa mtu kama huyo wimbo utoke kwenye simu iliyowekwa kando, au sikio moja libaki wazi, au asiwekewe kabisa. Huwezi kulijua hilo bila kuuliza, na kuuliza kunachukua sentensi moja: unataka kusikia kitu, na ni kitu gani?

Wapinzani wa tatu ni musawo wenyewe, na sitaki kuwaonea. Wanahudumia foleni inayofika barabarani. Wanahitaji kumsikia mgonjwa na mgonjwa awasikie, na hapo wana haki: sauti iwe ndogo, na wimbo unyamaze pale daktari anapouliza swali. Lakini musawo anayesema hana muda wa nyimbo nimemwona akitumia muda mrefu kumgombeza mama anayezaa, "Unalia nini, wakati wa kumtafuta huyo mtoto ulilia?" Maneno hayo nimeyatafsiri kwa Kiswahili mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Yanachukua muda kama ubeti. Tena yanafungua lango ambalo ubeti ungelibana, kwa hiyo kazi ya musawo mwenyewe inakuwa ngumu zaidi. Anayekemea anajiongezea kazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wa kale. Basi mzazi aachwe aupigie uchungu wake wimbo anaoujua.

Wa nne ndio ninaowaogopa. Hao hawapingi muziki, wanaupenda mno. Wanakuja na fulana zenye maandishi, wanatoa spika mbili, wanapiga picha ya mtoto anacheka na bandeji, na mradi unaitwa uponyaji. Halafu ukiuliza dawa ya ganzi iko wapi, unaambiwa bajeti imepungua. Tangu misaada ilipokatwa mwaka 2025 neno hilo tunalisikia kila kona. Nasema wazi: wimbo hauchukui nafasi ya ganzi, na hauchukui nafasi ya morfini. Yale majaribio 73 hayakufanywa kwa watu walionyimwa dawa. Yalifanywa kwa watu waliopata matibabu ya kawaida, kisha wakaongezewa muziki. Anayeondoa dawa na kuacha muziki ametoa ugali akakuachia chumvi.

Dunia hii ina dawa za maumivu. Tume ya The Lancet iliandika mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za morfini na dawa za namna hiyo zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zinapata tani 0.1. Kilo mia moja! Gunia la mkaa na nusu, kwa nchi zote maskini za dunia. Na mtu asituambie kwamba Afrika haiwezi. Uganda hii iliyotupokea ni mfano mbele ya macho yetu: Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, morfini ya maji ya kunywa ikaanza kuchanganywa hapahapa nchini, na mwaka 2004 sheria ikaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Wagonjwa wa saratani wanaipata bila malipo. Nchi iliyofanya hayo kwa watu wake inaelewa maneno "maumivu si adhabu". Basi tuyaseme maneno hayohayo kwa mtoto aliyeungua uji.

Kwa hiyo madai yangu ni mawili, na yanaenda pamoja kama mikono miwili. Dawa ya ganzi na ya maumivu iwepo, na kama haipo tuambiwe kwamba haipo na ni nani aliyeikata, tusifichwe nyuma ya spika. Na wimbo uruhusiwe, leo, kwa sababu wimbo hausubiri lori wala sahihi ya mtu Geneva.

Kuhusu hilo la pili, wasomaji wa kurasa hizi hatuna kisingizio. Simu yenye memori kadi karibu kila boma inayo. Ukimpeleka mtu wako kushonwa au kusafishwa, muulize njiani anataka kusikia nini, na uweke tayari kabla hamjaingia. Ukiwa mkalimani kama mimi, swali la wimbo liweke pamoja na swali la mzio wa dawa, ulitafsiri bila kungoja kuagizwa. Ukiwa kwenye kamati ya afya ya kijiji, lipeleke kwenye kikao kijacho: mlango wa chumba cha vidonda una tangazo la KIMYA, liongezewe mstari chini yake kwamba mgonjwa anaruhusiwa wimbo wake kwa sauti ndogo. Ukiwa kwenye kwaya, uliza kitanda kwa kitanda, na kwa yule anayekataa, kaa tu karibu naye.

Yule mama wa mtoto wa uji, siku ya tano alikutana na musawo mwingine, kijana wa Mbarara, ambaye hakusema lolote alipoanza kuimba. Mtoto alilia, sitadanganya. Alilia, akanyamaza kusikia, akalia tena, akanyamaza. Hakuna aliyeitwa kumshika miguu. Sileti kisa hicho kama ushahidi, ushahidi nimeshauweka hapo juu kwa tarakimu. Ninachouliza ni hiki, na naomba mtu wa kituo chochote, katika nchi yoyote tuliyokimbilia, aniandikie jibu katika toleo lijalo: yule wa kwanza alimkataza kwa kanuni ipi?